Kwa Biira, Tuliyemchimbia Kaburi Akiwa Kambini

Mpendwa Biira, mjukuu wangu, mtoto wa kichwa kigumu,

Usishangae mwandiko. Ni wangu. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini herufi hazikuniacha zote, na hizi zilizobaki zinatosha kukugombeza. Nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, upande wa kahawa, kuku wanakuja kuangalia ninafanya nini. Ninakuandikia kwa Kiswahili na si kwa Lhukonzo, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji ameniambia barua zenu huko kambini zinafunguliwa kabla ya kuwafikia. Sitaki mtu aseme kuna bibi wa Bwera anatuma siri za mlimani. Hata gundi sijaweka. Bahasha iko wazi. Kwa hiyo wewe afande utakayeisoma kwanza, karibu, soma mpaka mwisho, maneno yako pia yamo. Ukimaliza umpe mwenyewe, usiifanye ya kufungia sigara.

Biira, wiki iliyopita tulikuchimbia kaburi.

Ngoja. Nitafika huko. Nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo nitaharibu karatasi, na ninazo hizi chache tu.

Ulikuja kwangu una meno mawili. Baba yako, mwanangu Bwambale, tulikuwa tumemzika. Mama yako akaolewa upande wa Congo, na mume mpya hakutaka watoto wa mtu mwingine. Dada yako Masika akachukuliwa na shangazi yenu kule Mubuku, wewe ukabaki na mimi. Nilikufunga mgongoni nikawa naenda nawe sokoni Mpondwe kuuza mawese. Ulikuwa unachovya kidole kwenye mafuta unajipaka usoni mpaka unang'aa kama sufuria. Wateja wanauliza, "Mama Baluku, na huyu unauza?" Nawajibu, "Huyu hapana. Anakula sana, kesho utanirudishia."

Ulikula kweli. Bundu la unga wa muhogo na sombe ya majani yake ulimaliza sahani yako ukaanza kuangalia yangu. Nami nilikuwa najifanya nimeshiba. Sikukuambia wakati ule, nakuambia leo, ili ujue huo mwili wanaoukimbiza huko asubuhi nani aliujenga.

Na mbio ulianza zamani. Nakutuma mtoni na jerikeni, sijamaliza kuosha sahani umesharudi, maji yamebaki nusu, nusu nyingine imemwagika kwenye gauni. Nakuuliza, "Nani anakufukuza?" Unasema, "Hakuna, Mukaka, miguu inataka." Jirani zetu walikuwa wanasema huyu atakuwa mkimbiaji, ataonekana kwenye televisheni. Mimi nikasema ataonekana kwanza kwenye shamba, magugu yanamngoja.

Kuna siku moja ninayoifikiria sana wiki hii. Mtihani wa darasa la saba. Uliamka na malaria, ukanificha. Ulikunywa chai, ukavaa sweta, nikakuuliza sweta ya nini na jua hili, ukasema shule kuna upepo. Ukaenda, ukaandika jina lako, ukajibu maswali yote, ukatoa karatasi, ukafika mlangoni ukaanguka kama gunia. Mwalimu alikuleta kwenye bodaboda, amekushika katikati kama mtoto mchanga. Nilikupeleka zahanati. Ulipopona nilifanya nini? Nilizunguka soko zima najisifu. "Biira wangu alimaliza mtihani na homa! Huyu si mtoto, huyu ni chuma!" Kila aliyenunua mawese alipewa na hiyo hadithi juu yake, bure. Na wewe ulikuwa umesimama pale pembeni unasikia, unatabasamu, unajifunza.

Nilipaswa kukuchapa siku ile. Nikakupigia makofi.

Sasa, afande, wewe labda si wa huku, kwa hiyo nikueleze jambo moja kabla sijaendelea. Kwetu Wakonzo mtoto anazaliwa jina limeshamtangulia. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili ni Bwambale. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Hatuhangaiki. Ukiita "Baluku!" katikati ya soko la Bwera watageuka nusu ya wanaume, na wengine watatoka dukani kuuliza nani anawaita. Sisi tunajuana. Tunasema Baluku wa kahawa, Baluku wa kinyozi, Baluku mwenye mguu. Asiyejua kuuliza ni yupi, huyo ni mgeni.

Wale askari walikuwa wageni.

Unakumbuka, Biira. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Pikipiki iliibiwa, mtu akasema mwizi anaitwa Baluku, wakapanda hapa kwetu wakamkuta baba yako mkubwa anaanika kahawa. "Unaitwa nani?" "Baluku." "Twende." Hawakuuliza neno la pili. Hata kahawa hakumaliza kuianua, mvua ikaila.

Siku tatu tulishuka kituoni na chakula, wewe umebeba bakuli, mimi nimebeba hasira. Siku ya tatu ulisimama mbele ya ile meza yao ukaanza kuangalia ukuta. Mimi nilifikiri unaangalia mjusi. Kumbe unasoma.

"Afande," ukasema, "hapa imeandikwa bondi ya kumtoa mtu ni ya bure."

Yule wa mezani alikuwa anachokoa meno. Akaacha. "Nani amekutuma kusoma ukuta?"

"Hakuna, afande. Mwalimu alisema tusome kila kitu."

"Basi rudi kwa mwalimu wako akupe Baluku."

Wenzake wakacheka. Wewe hukucheka, hukurudi nyuma. "Na huyu si yule wa pikipiki. Huyu ni Baluku wa kahawa. Muulize mtu yeyote."

"Wewe mutoto, Baluku ni Baluku. Mulima muzima ni Baluku. Tutashika bote mpaka tupate wetu. Toka hapa!"

Walituambia gari haina mafuta ya kumpeleka mahakamani, na sisi tulijua mafuta hayo yanatoka kwa nani. Na kwa ajili ya huo mdomo wako walimkalisha siku nne zaidi. Mtu mmoja tu mle ndani alikuwa na sura ya mtu, yule askari wa kike aliyempitishia Baluku kikombe cha maji wakubwa walipotoka. Ulimwangalia sana yule. Siku ya saba Baluku akafunguliwa mlango. "Nenda. Si wewe." Hakuna pole, hakuna samahani. Mkono wake wa kushoto mpaka leo haukunji vizuri kwenye jembe, na mwenyewe akiulizwa anasema alianguka. Alianguka wapi, mtu aliyekaa chumba kimoja siku saba?

Njiani siku ile ya ukuta nilikugombeza kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nilikuambia mdomo wako utatuzika wote. Nikakuambia mtoto wa kike hasomi kuta za polisi. Ulifuata nyuma na lile bakuli, halafu ukasema, "Mukaka, siku moja mimi ndiye nitakaa kwenye ile meza."

Nilicheka. Nilikuwa na uchungu nikacheka vibaya, mpaka ukalia. Nimeliweka hapa liandikwe, kwamba nilicheka.

Basi miaka ikapita, nikadhani umesahau. Ukamaliza shule. Siku moja ukarudi kutoka Kasese na miguu imejaa vumbi, nguo imeganda kwa jasho, unameremeta. Wamewakimbiza uwanjani, wamewapima, wameita majina, na Biira wangu kachaguliwa kwenda kuwa polisi. Mwenyekiti alikuwa amekuandikia barua kwa siri. Kijiji kizima kinajua, mimi ninayekulisha sijui.

Nilikuwa namenya muhogo. Sikunyanyua kichwa. Nikasema maneno ambayo nimeyatafuna wiki hii yote na hayaishi mdomoni. Nilisema, "Ukivaa zile nguo, usikanyage hapa kwangu." Ukajaribu kuongea, nikaongeza. "Na yakikushinda huko, usirudi pia. Sitaki watu wanicheke mara mbili."

Umeona nilichofanya? Nilifunga mlango wa mbele nikaenda nikafunga na wa nyuma. Ukifaulu usije. Ukishindwa usije. Mtoto aende wapi?

Ulisubiri kidogo na ule mfuko wako. Halafu ukasema, "Basi nimeenda, Mukaka." Nikaendelea na muhogo. Ulipopita mgomba wa mwisho ndipo nikanyanyua kichwa. Nikaona mgongo tu.

Sasa nifike kwenye kaburi.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nimo shambani. Mwenyekiti akaja amevua kofia. Ukimwona yule mtu bila kofia ujue kuna jambo, maana hata kanisani anaivaa. Akasema, "Mama Baluku, weka jembe." Nikaweka. "Nimepigiwa simu kutoka kambini. Biira wa Kasese ameanguka kwenye mbio. Amefariki."

Sikulia. Niliuliza swali la kijinga kabisa. Niliuliza, "Alikuwa amekula?"

Watu walijaa kabla jua halijafika katikati. Wanawake wakawasha moto, wanaume wa chama cha mazishi wakaja na majembe na sururu. Wakaniuliza wapi. Nikawaonyesha, karibu na baba yako, pale kwenye kahawa ya zamani. Nilikuchagulia mahali, Biira. Nikasema wasogee kidogo upande wa kushoto, huku kuna mizizi.

Na maneno ya kwenye matanga unayajua. Kila mtu ni mwalimu. Mzee Kule, yule anayejiita mwanajeshi mstaafu, akakaa kwenye kiti changu kizuri akaanza. "Mazoezi ni hivyo. Wakati wetu tulikimbia na magogo, tukaruka kichura mpaka magoti yanatoa damu. Anayeanguka anaachwa. Hiyo ndiyo inatengeneza askari."

Nilikuwa nalia lakini masikio yalikuwa wazi. Nikamwambia, "Kule, wewe ulikuwa mpishi. Gogo ulilobeba ni la kuni."

Watu wakacheka, wakaona haya, wakacheka tena. Kijana mmoja wa bodaboda akasema lakini mama, mtu akifa kwenye mazoezi si lazima polisi waje kuchunguza? Mwenzake akamjibu, "Polisi wamchunguze polisi? Hata ng'ombe wako akiibiwa wanakuuliza wewe una kitambulisho." Na rafiki yangu Mama Kavira, yule Mkongo tunayeuza naye mawese, alikuwa amevuka mpaka na kilio chake na gunia la unga. Akanishika mkono akasema, "Mama Baluku, ku kwenu bantu banakufaka mu mazoezi? Ku kwetu banakufaka mu vita. Ya kwetu ni mubaya, lakini tunajua mwenye alipiga risasi. Ya kwenu nani alipiga? Jua?" Jua haliendi mahakamani.

Mtu mmoja tu hakulia wala hakuongea. Baba yako mkubwa Baluku. Alisimama juu ya lile shimo, limeshafika kiunoni, anaangalia udongo. Halafu akamgeukia mwenyekiti akauliza, "Biira yupi?"

Mwenyekiti akasema, "Biira. Biira wa Kasese."

"Kasese ina Biira wangapi? Biira yupi?"

Watu wakamwambia Baluku nyamaza, usimtie mama matumaini ya bure. Hakunyamaza. Alimnyang'anya mwenyekiti simu, akapanda mpaka pale juu kwenye mtandao, akawa anapiga, inakatika, anapiga. Yule mtu niliyemzaa, mpole kuliko kondoo, tulimsikia huku chini anapiga kelele. "Baba yake anaitwa nani? Ana alama ya panga kwenye goti? Nenda uangalie! Ninasema nenda uangalie, nitangoja!"

Biira, niliona Baluku anashuka ule mteremko anakimbia na mkono mmoja umeinuliwa, na sikujua kama nifunge macho. "Si yeye! Si wetu! Wetu yuko hai, anafua nguo! Ni Biira wa Maliba!"

Nilicheza. Mimi na magoti haya, nilicheza kuzunguka moto wa matanga. Wanawake walipiga vigelegele, Mama Kavira akatupa kitambaa chake juu, Mzee Kule akasema alijua tangu mwanzo. Nilimkumbatia hata Mzee Kule.

Halafu mwenyekiti akavaa kofia yake akasema polepole, "Sasa lazima mtu aambie Maliba."

Hapo vigelegele vikakatika. Nikasimama mguu mmoja juu. Nilikuwa nacheza kifo cha mtoto wa mtu.

Shimo lilikuwa limebaki, na unajua kwetu shimo halifungwi tupu. Likiachwa linangoja, na nilijua linamngoja nani. Wazee wakakata mgomba. Mchungaji akakohoa akasema hayo mambo ni ya kale, tuombe tu tufukie. Nikamwambia, "Mchungaji, wewe omba upande wako, mimi ninafukia mgomba upande wangu, Mungu atachagua." Akaomba. Nikauzungushia ule mgomba gauni lako la shule, lile la bluu, kwa sababu ndilo lilikuwa na harufu yako zaidi. Kwa hiyo usilitafute. Limekwenda, na wewe umebaki. Nilifanya biashara nzuri.

Jumamosi nilikwenda Maliba. Nilipanda pikipiki mbili na kuku mmoja kwenye kapu, na unga, na kahawa kidogo. Sikutaka kwenda, Biira. Mwanamke aliyecheza kwa msiba wa mwenzake hajui aweke wapi uso. Lakini nilikwenda. Kaburi lao lilikuwa bado bichi, maua ya kuchuma, msalaba umeandikwa kwa rangi. Nikasoma jina lako.

Mama yake ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Nilimwambia mimi ni nani, nikamwambia ukweli, kwamba tulianza kumlilia mtoto wake sisi, kwa makosa, na tukaacha. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Basi ameliliwa mara mbili. Si vibaya." Akanipa kigoda.

Tukakaa. Halafu akaniambia kitu ambacho ndicho kimenifanya nitafute kalamu. Siku tatu kabla, binti yake aliazima simu ya mpishi akampigia. Alikuwa na homa. Alikuwa amemwambia mkufunzi, mkufunzi akamwambia watu wa milimani ni wavivu, malaria ni ya watoto, rudi kwenye mstari. Akamwambia mama, "Mama, nimechoka, nataka kurudi."

"Na wewe ukamwambia nini?" Niliuliza, Mungu anisamehe, niliuliza.

Akaangalia mikono yake. "Nikamwambia vumilia. Nikamwambia ukirudi watu watacheka."

Hakulia. Mimi ndiye nililia, na alinipigapiga mgongo mimi mgeni, mwenye mtoto aliye hai. Alifikiri ninamlilia mwanawe. Nilimlilia, ndiyo. Lakini yeye alisema vumilia, neno ambalo kila mama anasema, neno la kawaida kama chumvi. Mimi nilisema usirudi.

Njia nzima ya kurudi Bwera nilikuwa nakuona na ile sweta yako ya mtihani. Ninakujua. Huwezi kumwambia mtu unaumwa. Utakunywa chai yao, utafunga kamba za viatu, utasema ni upepo. Na ukisikia kichwa kinazunguka utajiambia, niende wapi, nyumbani wamenifungia. Utakimbia, Biira, mpaka uanguke, kwa sababu mimi nilikufundisha kwamba kuanguka baada ya kumaliza ni ushujaa, halafu nikakunyang'anya pa kurudi. Hayo mawili niliyafanya kwa mdomo huu mmoja.

Kwa hiyo sasa sikiliza. Nimekosa. Neno hilo sijawahi kuliandika maishani, hata babu yako aliyefanya kazi mgodini Kilembe alikufa analingoja. Nimeliandika mara moja, sitalirudia, likate ulitunze.

Wewe afande, zamu yako imefika. Mimi sijui kazi yako, na sisemi msiwakimbize. Wakimbizeni, wezi wanakimbia pia. Lakini mtoto akikuambia anaumwa, mguse shingo. Mkono wako haukuumbwa kwa kupiga tu. Shingo ikiwa moto, mpeleke kwa daktari, na mbio zitamngoja, hazina miguu ya kuondoka. Yule wa Maliba alisema anaumwa na mtu akamjibu. Sijui kama ni wewe. Kama ni wewe, mama yake yuko, ana kigoda, nenda ukakae uone kama utaweza kunywa maji yake. Na kama si wewe, basi hujachelewa. Usikasirike, ninaongea hivi hivi hata na mchungaji.

Biira, ukimaliza hayo mafunzo, njoo na nguo zako za kazi. Zivae tangu Kasese, ushuke nazo hapa Bwera watu wote waone. Nitatembea nawe mpaka sokoni, na atakayesema neno atanunua mawese kwingine. Watakupa meza siku moja. Watu watakuletea Baluku, watakuletea Masika, kila siku watakuja na jina na hasira. Uliza ni yupi. Uliza hata wakikucheka, hata mkubwa wako akikuambia unachelewesha kazi. Baba yako mkubwa aliuliza swali hilo moja, na mkono wake mbovu, akakutoa kaburini.

Lakini hiyo ni ukimaliza. Na mimi sijali sana kama utamaliza. Soma hapo tena, uone kama ni mimi niliyeandika. Sijali. Kahawa ipo, mawese yapo, Mama Kavira anatafuta mtu wa kumsaidia kuvusha mizigo, utapata kazi na matusi ya Kikongo juu yake. Watu watacheka, ndiyo, watu wa Bwera hawana kazi nyingine. Tutakaa sote wawili tuwaangalie wanavyocheka mpaka wachoke.

Kwa hiyo siku mwili ukikataa, usiwaangalie wenzako, usinifikirie mimi, usifikirie soko. Kaa chini. Hapo hapo barabarani, mbele ya wote, na gwaride likupite. Wakikuita mvivu, itika. Wakikuambia simama, mwambie afande bibi yako amekataza, barua ameisoma mwenyewe. Wakikufukuza, chukua mfuko wako upande gari. Hutaniambia kitu, sitakuuliza kitu. Nitatenga chakula, na safari hii sitajifanya nimeshiba, tutagawana.

Ninakuacha hapa, karatasi imekwisha na kuku amekanyaga wino. Uwe mzima.

Mukaka wako,
mama yake Baluku, wa kwenye kahawa, Bwera